Kondoo Dume Aliyetolewa kwa Posta

Petrovala, Krete
18 Januari 1966

Kaka yangu Haridimos,

Salamu kutoka mlimani, na theluji yake juu. Ukitaka kujua hali zetu, mama yupo. Meno yamebaki mawili lakini ulimi ni uleule. Anauliza kama huko Ujerumani mnapewa mkate, au mnalishwa mashine tu. Mkwe wa Padri Yakinthos kajifungua msichana. Ule mzeituni wa nyuma ya nyumba umeangushwa na upepo, nami nimeupasua kuni mwenyewe, kwa hiyo usiulilie sana, unatupasha moto.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Siku ya Epifania, wakati padri anabariki maji na sisi sote tumesimama kanisani na mishumaa, kuna mtu alikuwa analibariki zizi letu. Wamekwenda kondoo kumi na mmoja, majike watupu. Mwizi ni Sifakas Vroulis. Ngozi moja imeokotwa korongoni kwake, sikio limekatwa lote ili alama yetu isionekane. Mtu asiye na hatia hakati sikio. Padri alimtaka aape mbele ya picha takatifu ya Mtakatifu Georgio. Sifakas akasema siku hiyo ana mafua, anaogopa kumpumulia mtakatifu. Kijiji kizima kilicheka. Mimi sikucheka.

Wajua mambo ya kwetu. Mjane kama mimi akidai chake, watu husema analialia. Mwanamume akidai, husema anadai. Tena kundi hili mimi ndiye ninayelichunga na kulikamua, lakini baba aliliandika kwa jina lako. Basi mwandikie Sifakas barua ya kiume. Ipeleke mkahawani, maana yeye hajui kusoma, asomewe mbele ya watu wote. Ukali wako naujua. Wewe ndiye uliyemvunjia mtu zeze kichwani kwa sababu ya mbuzi mmoja, tena mbuzi mwenyewe kilema.

Usichelewe.

Dada yako,
Rodanthi


Stuttgart
13 Februari 1966

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Amani iwe kwako na kwa mama. Mwambie mkate upo, mweusi kama udongo, lakini mtu huuzoea. Naishi bweni moja na Yiakoumis, mtoto wa muoka mikate wa kwetu. Anakoroma kuliko mashine za kiwandani. Anakusalimuni.

Rodanthi, mimi si yule uliyemzoea. Kila Alhamisi tunakutana kwa Mwalimu Polydoros, fundi wa umeme kutoka Volos, tunasoma Injili. Hatusomi kama padri wetu anavyoimba, haraka haraka ili awahi supu. Tunasoma mstari mmoja, kisha tunaulizana: hili nalifanyaje leo, kiwandani, jikoni, kwenye foleni ya basi? Dini isiyoshuka mezani ina faida gani?

Sifakas nimemwandikia, lakini sikuandika ulivyotaka. Nimemwambia nimemsamehe. Kondoo aliowachukua wawe wake. Na kwa kuwa Bwana ametufundisha kwamba aliyetunyang'anya kimoja tumwongezee na cha pili, nimemwambia aje amchukue na Pasha, dume letu.

Barua ile nilipoitumbukiza kwenye sanduku la posta nilihisi wepesi ambao sijapata kuuhisi tangu nizaliwe. Mwalimu Polydoros alinikumbatia mbele ya wenzangu. Najua moyo wako ni mwema, nawe utafurahi.

Ndugu yako,
Haridimos


Petrovala
9 Machi 1966

Haridimos,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Salamu zimeisha.

Barua yako ilisomwa mkahawani siku ya Jumapili baada ya misa, kahawa mezani, kadi mkononi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nakamua. Niliisikia kwa wake za watu watano, kila mmoja na machozi yake. Kesho yake asubuhi Sifakas huyo langoni, kajifunga kitambaa cheusi cha kichwani cha sikukuu, kamba mkononi.

"Habari za asubuhi, Bi Rodanthi. Nimekuja kumchukua mgeni wangu."

"Mgeni gani?"

"Pasha. Kaka yako kaandika. Barua hii hapa, na mhuri wa Ujerumani huu."

"Hujui hata kusoma, Sifakas."

"Sina haja ya kusoma. Nimesomewa mara tatu. Mara ya tatu hata mimi nililia."

Mama akatoa kichwa dirishani. "Nani huyo?"

"Sifakas, mama. Anamchukua dume."

"Tena?"

"Safari hii Haridimos kamruhusu."

"Haridimos kafa?"

"Yu hai."

"Basi karogwa," mama akasema, akafunga dirisha.

Pasha nilimfungua mimi mwenyewe. Unajua kwa nini? Kwa sababu ukuta wote ulikuwa umejaa majirani, na sikutaka Petrovala iseme kwamba nyumba ya marehemu baba ina ndimi mbili, mmoja unatoa na mwingine unakataa. Nimekulindia jina lako. Nililinda hapo, kamba mkononi, meno yakiniuma kama nimetafuna changarawe.

Sasa nisikilize. Ule wepesi uliouhisi pale kwenye sanduku ni uzito wa Pasha, umetoka kwako ukaja kwangu. Ukipigwa shavu moja geuza na la pili: sawa, nimelisikia tangu utotoni. Lakini shavu lililopigwa Epifania ni langu, na hilo la pili uliloligeuza ni langu vilevile! Ya kwako yote mawili yako Stuttgart, yana joto lake, yanakumbatiwa na fundi wa umeme. Kutoa ni moyo, wasema watu. Ndiyo, ni moyo, ila kwanza kiwe chako.

Nani aliyewatoa wale wana-kondoo kwa mkono, theluji magotini? Nani alimpa Pasha maziwa ya chupa mama yake alipokufa? Majike waliobaki wasipopata dume mwezi Juni, Krismasi hakuna mwana-kondoo, na pasipo mwana-kondoo hakuna maziwa, hakuna jibini, na mimi na mama tutatafuna mistari yako.

Andika tena mkahawani. Sema ulikosea, sema dume si lako kulitoa. Na mimi uniambie neno moja: kimekupata nini huko? Mtu aliyevunja zeze hageuki hivi kwa kusoma tu.

Rodanthi


Stuttgart
30 Machi 1966

Dada yangu,

Nimeipokea barua yako nikaisoma kwa masikitiko. Hasira, dada, ni mgeni anayeomba kukaa siku moja akaishia kumiliki nyumba. Nimekuombea.

Siwezi kuandika tena. Kilichotolewa kwa jina la Bwana hakirudishwi. Waangalie ndege wa angani: wana ghala gani, wana dume gani? Na hawalali njaa. Beba msalaba wako kwa furaha na utaona.

Kiwandani hakuna jipya. Kazi ni ileile.

Nawatumia chokoleti. Mama apewe ile laini.

Wako katika upendo,
Haridimos


Petrovala
20 Aprili 1966

Kaka Haridimos,

Kristo amefufuka!

Sisi hatujambo. Chokoleti imefika, mama anainyonya. Ndege wa angani nao wamefika, wamekula mbegu zote za maharage. Nimewaangalia kama ulivyoagiza.

Yiakoumis alikuja likizo ya Pasaka, kanenepa. Alikuwa na kamera, kapiga picha kila kitu mpaka punda wa padri.

Moto wa Pasaka mwaka huu ulikuwa mkubwa, watu wameusifu.

Sina zaidi.

Rodanthi


Stuttgart
8 Mei 1966

Rodanthi,

Kweli amefufuka, na mimi mmenichoma!

Yiakoumis amerudi na picha zake. Amezitandaza kitandani mbele ya bweni zima, Wakrete na Wamakedonia na Waturuki wawili. "Huyu ndiye Yuda wetu wa mwaka huu," anawaambia. Kila mwaka vijana hutengeneza Yuda wa majani makavu, humtundika juu ya kuni uani mwa kanisa na kumchoma usiku wa Ufufuko, najua, hata mimi niliwahi kumtengeneza. Lakini Yuda huyu amevaa joho langu! Lile la sufu, lenye ukosi wa ngozi, lenye kiraka cha kahawia ulichokishona wewe. Bweni lote limelitambua, maana ndilo nililolivaa kwenye ile picha iliyo ukutani kwangu. Waturuki wamecheka mpaka wakakaa chini.

Nani aliwapa? Lilikuwa ndani ya sanduku langu, chumbani kwangu, nyumbani kwangu!

Mimi Yuda? Nimemsaliti nani? Nimemuuza nani kwa fedha? Nimesamehe mtu, nikatoa mali, na malipo yangu ni kuchomwa mbele ya padri huku bibi vizee wakipiga makofi! Mwalimu Polydoros ananiambia niombe. Nimemwambia aombe yeye.

Sasa sikia. Kundi lina jina langu. Namwandikia dalali wa mifugo wa Heraklio apande huko aliuze lote kabla ya Agosti. Tuone utamvalisha nani joho mwakani.

H.


Petrovala
2 Juni 1966

Haridimos,

Kwanza salamu, maana safari hii nina muda. Mama kaanguka ngazini, hakuvunjika, kavunja ngazi. Yule mtoto wa mkwe wa padri kabatizwa, kalia mpaka jirani akafunga milango. Shayiri imetoka vizuri.

Joho nililitoa mimi. Vijana walikuja kuomba nguo kuukuu za Yuda, kama wanavyoomba kila nyumba. Wakataka ukanda tu. Nikawaambia: mtu akikuomba ukanda mwongezee na joho, ndivyo kaka yangu anavyofundisha. Padri Yakinthos alilitambua hata kabla ya kuwasha. "Rodanthi, joho hilo si la Haridimos?" Nikamwambia, "Lilikuwa lake, Padri, kama Pasha alivyokuwa wangu." Akajikohoza, akashika kiberiti.

Mkuki kwa nguruwe, kaka. Kondoo wangu kumi na mmoja uliwasamehe kwa stempu moja, ukahisi wepesi. Joho lako moja tu, lenye nondo, limekutoa povu kurasa mbili! Ulitakiwa umwambie Yiakoumis: waambie wachukue na kofia.

Sasa la kiwandani. Uliandika hakuna jipya. Yiakoumis hakuulizwa, aliwekewa glasi za raki, akalewa, akasema mwenyewe. Mwezi Januari msimamizi wenu alikupiga kofi mbele ya safu nzima kwa sababu ya chuma kilichopinda, nawe ukainama. Alhamisi ile fundi wa umeme akasimama akakusifu kwamba umetenda kama Bwana.

Hukutenda kama Bwana. Ulitenda kama mtu anayeogopa kurudishwa kwao. Hilo sikulaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningeinama zaidi, mkate ni mkate. Nimelia usiku huo kwa ajili ya shavu lako, nikitamani kupanda treni na fimbo ya zizini. Ninalokulaumu ni hili: ulisifiwa, sifa ikawa tamu, ukatamani usifiwe tena, na mashavu yako yalikuwa yamekwisha. Ukaja kuazima yangu.

Sasa la Sifakas. Nisingekuambia, kwa sababu nakujua, utavimba. Lakini uongo siuwezi.

Huko umekaa mbali hata umesahau watu wako. Petrovala mwizi wa kondoo ni mtu. Wanamlaani, wanamwinda, na wakimpita wanamsalimu. Lakini aliyepewa kondoo, aliyeletewa kwa posta na kuambiwa chukua maskini wa Mungu, huyo ni nani? Ni omba-omba. Tangu barua yako, jina la Sifakas mkahawani ni Sadaka. Akiingia wanasimama wote. "Karibu Sadaka, chukua kiti, chukua na hiki cha pili." "Sadaka, kahawa yangu hii, Bwana kaniamuru nikuachie." Wakicheza kadi wanamwekea ushindi mezani kwa upole. Mkewe kakataa kwenda kisimani. Mtu ambaye polisi wawili hawakumtisha, kakonda mpaka suruali inamkimbia.

Mwezi uliopita kaja. Si kwa siri, mchana kweupe. Pasha kwenye kamba, na majike saba nyuma yake.

"Wachukue," akasema.

"Siwezi. Walitolewa kwa jina la Bwana, hawarudishwi. Nina barua."

"Wachukue, Rodanthi, nakuomba! Na mwambie huyo kaka yako aniite mwizi. Anitukane. Aniandikie hata mstari mmoja wa matusi, niusomewe!"

"Kwani wewe ni nani kwangu, Sifakas?"

"Mwizi wako."

"Kaseme mkahawani, si hapa kwa kondoo."

Akaenda, nami nikamfuata, aproni kiunoni, mwanamke pekee mle ndani. Akapanda juu ya kiti. "Niliiba!" akapiga kelele. "Kumi na mmoja, kwa mikono yangu, siku ya Epifania! Sikupewa na mtu!" Wakampigia makofi, Haridimos. Wakamwagizia raki. Mtu anakiri wizi na uso unamng'aa kama bwana arusi. Nilitaka kuwapiga wote na sinia.

Kisha akashuka. Akavua kitambaa cha kichwani, na ujue mimi sijawahi kuuona upara wa Sifakas. Akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni. Hakuwa anacheza tena. "Wale wanne nimeshawala," akasema kwa sauti ndogo. "Watoto walikuwa na njaa mwezi ule, lakini si kwa njaa tu niliiba. Niliiba kwa sababu wewe ni mjane, nikajua hakuna atakayenifuata. Nisamehe."

Nilikuwa na matusi tayari, yamepangwa tangu Januari kama jibini rafuni. Sikuhisi wepesi wowote wa kwako. Ilikuwa kama kujifungua mtoto aliyekaa vibaya. Lakini nilimsamehe. Nikasema kwa mdomo wangu, wakasikia. Jumapili nikaenda kula kwake, mkewe akanipa kiti cha dirishani, na nyama sikuuliza ni ya nani.

Najua sasa hivi unainuka kitandani kumtafuta Polydoros umwambie: nilikuwa sahihi! Kaa chini. Yesu alikuwa sahihi. Wewe hukuwa.

Na wewe sijakusamehe. Sifakas aliupanda mlima kwa miguu akaniangalia. Wewe umelamba stempu. Dalali wako wa Heraklio akija nitampa maji ya kunywa na kumwonyesha njia ya kurudi. Ukitaka kuuza, njoo uuze mwenyewe, umshike kila kondoo sikio, na uniambie machoni ni wa nani.

Rodanthi


Stuttgart
21 Juni 1966

Rodanthi,

Barua yako imefika. Sijamwonyesha mtu.

Habari ya kofi tusiandikiane. Yiakoumis nimemhamisha kitanda, yaani nimehama mimi.

Dalali sikumwandikia. Nilianza, nikashindwa kukumbuka majike wangapi wana madoa meusi, nikaona aibu kumuuzia mtu vitu nisivyovijua.

Nimeomba likizo, wamenipa Agosti. Nitapanda meli Pirea tarehe kumi. Kundi naliandika kwa jina lako, mwanasheria huku kanitengenezea hati. Mkahawani nitasema dume hakuwa wangu.

Ila nijibu kabla sijakata tiketi. Utanisamehe?

Haridimos


Petrovala
9 Julai 1966

Kaka yangu Haridimos,

Salamu. Mama hajambo, ameambiwa unakuja, kaamuru chumba chako kipakwe chokaa na kaanza kukusema vibaya mapema ili asichoke siku yenyewe. Pasha yuko kazini na majike, hana muda na watu.

Swali lako silijibu kwa posta. Mambo ya namna hiyo yamepita sana kwenye posta mwaka huu. Hata mimi jibu silijui, na nikilijua nitakuwa nimekuona uso. Pengine nitakuona tu langoni na yaishe, pengine nitakuona langoni nitafute fagio. Kata tiketi bila kujua. Sifakas naye alikuja bila kujua.

Padri kauliza kama utahubiri siku ya Mama wa Mungu. Nimemwambia utakamua.

Ukifika kutakuwa na mikate ya shayiri, konokono waliokaangwa kwa majani ya rozmari, na jibini ya majike saba walioibwa wakarudi. Utakula kwanza, ushibe. Kisha utakaa palepale ulipo na mimi nitasema yote, tangu Januari, bila kuruka hata mwezi mmoja. Sijayapoza wala sitayapasha. Na ukinijibu kwa aya, Haridimos, hata iwe fupi namna gani, nakurudisha bandarini kwa miguu.

Dada yako,
Rodanthi